Udongo Niliomletea Mama

Mimi si mtu wa kusafiri. Miaka thelathini na miwili nilifundisha shule ya msingi hapa Newala, na safari zangu kubwa zilikuwa za kwenda Mtwara kufuatilia kupandishwa daraja, nikarudi bila daraja. Kwa hiyo watu waliposikia kwamba nimealikwa Ulaya, tena safari ya kifahari, ya kulala kwenye makasri na kuandaliwa chakula na wahudumu wenye glavu nyeupe, walinitazama kama mtu aliyeokota kitu cha mwenyewe. Hawakukosea sana. Safari ile haikuwa yangu, ilikuwa ya mama.

Mama alizaliwa kwenye zahanati ya misheni upande wa Masasi, na mama yake mzazi akafariki siku hiyohiyo. Baba yake alikuwa mkulima wa Lupaso ambaye hakujua hata mtoto mchanga anashikwaje. Nesi wa misheni, mwanamke wa Skotlandi ambaye hakuwahi kuolewa, alimchukua yule mtoto akamlea kwa maziwa ya kopo, halafu kwa uji, halafu kwa ugali, mpaka akawa msichana wa miaka kumi anayelala kitanda cha pili chumbani kwake. Watu wote walimwita yule nesi Bibi. Mama peke yake alimwita Mama. Kisha Bibi akaenda kwao likizo, akasema atarudi kabla ya Krismasi. Aliugua huko, akastaafishwa, hakurudi tena. Barua zilikuja, zikapungua, na siku moja mimi nikiwa darasa la pili alifika katekista na baiskeli yake kumwambia mama kwamba Bibi amefariki.

Mama hakulia. Mtu anaweza kudhani alikuwa na moyo mgumu, lakini kwetu mtu aliyefiwa mbali hajamaliza kufiwa mpaka afike. Anakwenda kwenye nyumba ya msiba, hasalimii wala hali kitu, anakaa chini na kulia, halafu anapelekwa kaburini kumwaga unga kidogo wa mtama na kumwambia marehemu kwamba amefika. Sisi ni Waanglikana tangu enzi za babu zetu, na mapadri wengi wamejaribu kututoa huo unga mkononi. Tunasali Baba Yetu kwanza, unga unafuata. Kama mtu hawezi kufika, mtoto wake wa kumzaa anakwenda badala yake na kumletea udongo wa kaburi, auzike kwao. Mpaka hapo msiba unabaki juu yake. Mama alikaa na msiba wa Bibi juu yake karibu miaka hamsini. Hakucheza kwenye harusi ya mtu yeyote, hata yangu. Alikuwa anakaa jikoni anakuna nazi.

Barua ya mwaliko ilitoka kwa mjukuu wa kaka yake Bibi. Yeye na mumewe wana kampuni ya kuwatembeza matajiri Skotlandi na Ayalandi, vikundi vidogo vya watu wanane au kumi, kuwaonyesha makasri, wafumaji wa sufu, viwanda vya wiski, na zaidi ya yote, asili zao. Wateja wao wengi ni Wamarekani ambao mababu zao walihama kule. Katika sanduku la familia alikuta picha za mtoto mweusi amebebwa na Bibi, akauliza makanisani mpaka akafika kwetu. Alimwalika mama awe mgeni wao, bila kulipa chochote. Mama alikuwa amekaribia miaka themanini, na miguu yake ilikuwa haimfikishi hata kisimani.

"Nenda wewe," aliniambia pale Lupaso, akinifungia unga wa mtama kwenye kitambaa. "Kamlilie, umwambie nilichelewa. Halafu uniletee udongo, nimzike na mimi nipumzike."

Nilimwahidi. Nataka ijulikane kwamba niliahidi kwa moyo wote.

Nilijidanganya kwamba baridi naijua, maana Newala mwezi wa saba ukungu unapanda kutoka bondeni na watu wanatembea na mablanketi. Kumbe yetu ni mchezo. Mimi na wateja wa kampuni tulifika kasri la kwanza, Skotlandi, mchana, mvua nyembamba inanyesha, na mlangoni alisimama mwanamume aliyevaa sketi, akipuliza filimbi zilizochomekwa kwenye mfuko wa ngozi. Mwenyeji wangu, yule mjukuu, alitoka mikono wazi. Alikuwa na pua ya Bibi, ileile ya kwenye picha alizotutumia. Nyuma yake mhudumu alishika sinia la vinywaji.

Hapo ndipo nilipofanya kituko ambacho hata leo kikinijia barabarani nashika kichwa. Mimi nilikuwa nimefika nyumba ya msiba. Ndugu wa marehemu yuko mbele yangu na sijampa pole. Sikumsalimia, sikugusa sinia. Nilipita, nikaingia ukumbini, nikakaa chini kwenye zulia karibu na moto, miguu nimeinyoosha, nikajifunika kanga na kulia. Nililia kwa sauti kama inavyotakiwa, nikimtaja Bibi kwa wema wake, nikisema mama yangu amechelewa, asamehewe.

Kule mlangoni filimbi zilinyamaza, na nikasikia viatu vinakuja. Mwenyeji wangu alipiga magoti akidhani nimeshikwa na ugonjwa, akaagiza maji. Nilipofunua uso nikamshika mkono, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha ualimu kwamba nimekuja kumpa pole kwa kufiwa na shangazi wa baba yake. Akasema, taratibu na kwa adabu, kwamba wakati huo yeye alikuwa na miaka mitano na hamkumbuki vizuri. Na wale wageni wengine, waliokuwa wameingia nyuma yetu na makoti yao yanadondosha maji, walipiga makofi. Walidhani mimi ni sehemu ya ratiba, kwamba baada ya mpiga filimbi anafuata mliaji kutoka Afrika. Mgeni mmoja, mwanamke wa makamo, aliniambia jioni kwamba imemgusa sana, akaniuliza kama nitarudia kwenye kasri la pili.

Nilicheka naye. Ndani nilikuwa nimeungua kwa aibu, na aibu hiyo ikageuka hasira, na hasira nikabaki nayo siku tatu.

Siku hizo tatu zilikuwa za fahari, siwezi kukataa. Kitanda changu kilikuwa kirefu kwenda juu, kina ngazi. Ukutani kulikuwa na picha za watu waliokufa zamani, wote wamekunja nyuso, na mwongozaji alijua jina la kila mmoja na mahali alipozikwa. Tulionjeshwa wiski kwenye vibilauri vidogo, tukiambiwa tunuse kwanza tutasikia moshi na asali. Mimi nilisikia uraka, pombe yetu ya mabibo ya korosho, unaopikwa nyuma ya nyumba za watu Mnyambe, ule ambao mwalimu mkuu alikuwa ananituma niwanyang'anye wazazi siku ya kikao. Wenzangu walipelekwa makaburini. Mzee mmoja wa Kimarekani, mrefu, mkimya, amefiwa na mkewe, alionyeshwa jiwe lililofutika maandishi yote, akaambiwa huenda ni la ukoo wake. Alivua kofia akalia. Nilimheshimu kwa hilo. Nilifikiri, watu hawa wametoka mbali na kulipa kila kitu ili wafanye jambo ambalo sisi tunalifanya bila kulipa, na wanalifanya bila unga.

Kila nilipomuuliza mwenyeji wangu kuhusu kaburi la Bibi alitabasamu. "Alhamisi," alisema. "Nimekuandalia kitu maalumu."

Alhamisi alinipeleka ziwani, mimi na yeye na mwendesha mashua tu. Aliniwekea blanketi la sufu magotini na kikapu chenye chai ya chupa na keki. Maji yalikuwa meusi, milima pande zote imefunikwa na mawingu. Nilishika kitambaa changu cha unga mapajani nikitazama ng'ambo, nikitafuta kanisa au msalaba. Katikati ya ziwa injini ikazimwa.

"Ni hapa," alisema.

Nilitazama maji. Nikamuuliza hapa wapi.

Akanieleza, na uso wake ulionyesha kwamba ananipa zawadi. Bibi aliacha maagizo kwamba achomwe, na majivu yake yamwagwe kwenye ziwa hili alilokuwa akiogelea utotoni. Baba yake ndiye aliyeyamwaga. Tangu hapo hakuna ndugu aliyewahi kuletwa hapa, mimi ni wa kwanza.

Nilijua Wazungu wanachoma maiti. Nimesoma, nimefundisha. Lakini kujua jambo la watu ni kitu kimoja, na kuambiwa kwamba mwanamke aliyemlisha mama yako uji kwa kijiko aliingizwa motoni akawa vumbi ni kingine. Nilimfikiria mama amekaa Lupaso anahesabu siku. Mwenyeji wangu aliniashiria kitambaa, akaniuliza kwa upole kama ningependa kumwaga huo unga majini. Nilisema naumwa tumbo, nataka kurudi. Alihuzunika, nikaona, na sikujali kuhuzunika kwake.

Kesho yake kikundi kilivuka kwa meli kwenda Ayalandi. Sikumbuki mengi. Kulikuwa na muziki wa fidla, mkate mweusi, na kasri jingine ambalo bafu lake lilikuwa kubwa kuliko chumba cha mama. Siku ya mwisho tulipelekwa kwenye magofu ya monasteri karibu na bahari: mnara wa mawe, kanisa lisilo na paa, na makaburi ya karne nyingi yameinamiana kwenye majani mabichi. Mwongozaji aliongea habari za watawa waliowahi kuishi pale. Mimi nilibaki nyuma.

Nilikuwa nimeamka nayo hiyo fikra. Mkobani nilikuwa nimetia kijiko cha chai cha hoteli na ile kofia ya plastiki ya kuogea wanayokuwekea bafuni. Nilichagua jiwe dogo lisilo na jina, lililo pembeni, nikapiga magoti nikachimba. Udongo ulikuwa mweusi, umejaa mizizi, unanuka mvua. Niliujaza kwenye ile kofia nikaifunga. Kisha nikafungua unga wa mama, nikamwaga kidogo pale pale, nikamwambia huyo mtu, "Samahani. Sikujui na hunijui. Nina shida."

Nilipoinua kichwa nilimwona yule mzee wa Kimarekani amesimama hatua chache, amenipa mgongo, koti lake amelitanua kuwazuia wenzake wasione. Tulipokuwa tunarudi kwenye gari alitoa mfukoni kijiwe alichookota kwenye lile kaburi la ukoo wake, akanionyesha, akakirudisha.

Mama alinipokea Lupaso akiwa amekaa mkekani, amevaa kitenge kipya. Wanawake wa kanisa walishafika. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama usoni, macho yakiwa kwenye mkoba. Nilimpa ile kofia ya plastiki. Aliifungua, akaingiza vidole, akanusa.

"Mweusi," alisema. Udongo wetu ni mchanga mwekundu. "Kaburi lake liko wapi?"

"Karibu na kanisa, mama. Chini ya mti."

"Wanalifyeka?"

"Wanalifyeka vizuri."

"Lina msalaba?"

"Wa mawe."

Nilikuwa bado naweza kurudi nyuma hapo. Nilikuwa nimejipanga njiani, tangu Masasi mjini, kwamba nitawatoa wanawake nje nimwambie taratibu. Lakini akashika mikono yangu miwili na mikono yake ina udongo. "Unajua nilikuwa naogopa nini?" alisema. "Nilisikia siku hizi wanachoma watu wao. Nikasema, kama wamemchoma nitamlilia nani, mtu hayupo hata mfupa. Nilikuwa naomba kila siku wasiwe wamemchoma. Mungu amenisikia."

Basi nikafunga mdomo.

Tulimzika Jumamosi, kwenye makaburi ya ukoo wetu, kandokando ya baba yangu. Shimo dogo, mkono mmoja kwenda chini. Katekista alisali, mama akanyolewa nywele, tukapika ugali na kisamvu na kuku watatu. Msalaba wa mti uliandikwa jina la Bibi kwa rangi nyeupe. Mama alilia siku hiyo, kilio cha miaka hamsini, mpaka wanawake wakamshika kwapani. Nami nililia, wala sikuwa naigiza. Nilikuwa namlilia mtu wa Ayalandi niliyemng'oa kwao.

Ukimwona mama miezi iliyofuata ungesema uongo wangu ulikuwa dawa. Alianza kula vizuri. Mwezi wa nane mwanangu alioa, na mama akainuka na fimbo yake akacheza, polepole, mabega tu, watu wakamtupia kanga. Nilikuwa najiambia, unaona, ulifanya vizuri. Nilikuwa najiambia hivyo mara nyingi mno kwa siku.

Mwezi wa kumi, korosho zikiwa zimeanza kuanguka, wageni wa kanisa kutoka Uingereza waliokuja Masasi walinikabidhi kifurushi. Ndani kulikuwa na barua na mkebe mdogo wa bati, wa biskuti, umefungwa kwa utepe. Mwenyeji wangu aliandika kwamba siku ile ya mashuani haikumtoka moyoni. Alielewa baadaye kwamba nilikuwa nimekuja kwa kaburi na yeye akanipa mandhari. Alikuwa amewauliza ndugu zake, akagundua kwamba baba yake hakumwaga majivu yote ziwani. Alibakiza kidogo, akashindwa kuyatupa na akashindwa kuyaweka wazi, yakakaa darini kwa kaka mkubwa wa mwenyeji wangu miaka yote. Aliona ni haki yaje kwetu, kwa mama. Mwenyeji wangu akaongeza jambo ambalo huyo kaka yake alilikumbuka. Bibi aliishi miaka yake ya mwisho na picha moja kando ya kitanda, ya msichana wa miaka kumi aliyevaa gauni la Krismasi. Katika maagizo yake alitaka alazwe nayo kifuani. Kwa hiyo picha ilichomwa pamoja naye, imo humohumo kwenye mkebe.

Niliisoma barua ile nimesimama. Nikaikunja, nikaiweka pamoja na mkebe kwenye kabati la vyombo, nyuma ya sahani za wageni. Nilijiambia nitatafuta wakati mzuri.

Wakati ulinikimbia. Mama aliugua mwezi wa kumi na moja, kifua, tukamlaza Ndanda wiki mbili, madaktari wakasema wamefanya waliloweza, nikamleta kwangu Newala nimuuguze. Nilimtandikia sebuleni, ambako kuna dirisha na hewa. Kabati la vyombo liko hapohapo sebuleni.

Asubuhi moja nilimkuta macho, anatazama dari. Nilikuwa nimeshika glasi ya maji na vidonge vyake.

"Haji," alisema.

Nikamuuliza nani.

"Mama. Bibi." Alipumua kwanza. "Wafu wangu wote wanakuja, nikilala wanakuja. Mama yangu mzazi, ambaye sura simjui, anakuja. Baba yako anakuja mpaka ananichosha. Yeye haji. Nimemzika, nimenyoa nywele, nimepika. Nimekaa pale kaburini namwita. Hajaja hata siku moja."

"Atakuja, mama."

"Mtu uliyemzika vizuri anakuja, kama alikuwa anakutaka." Hakuwa analia, alikuwa anaongea kama mtu anayeeleza hesabu aliyokwisha kuimaliza. "Nimefikiri. Yule alikuwa nesi. Mtoto aliletwa, akamtunza, ndiyo kazi waliyomtuma. Alipokwenda kwao kazi ikaisha. Mimi ndiye niliyejifanya mtoto wake. Hakunipenda, mwanangu."

Kabati lilikuwa mgongoni kwangu, hatua mbili. Ningenyoosha mkono tu.

"Alikupenda sana, mama," nilisema.

Akanigeuzia macho. Yalikuwa yananisubiri kweli, yalitaka nimshinde. "Wewe umejuaje?"

Nilijua. Lakini sikuweza kumpa picha bila kumpa moto, na sikuweza kumpa moto bila kumwambia ni nani yuko kando ya baba pale Lupaso. Nilipima, kwa woga wangu, na nilichopima kilikuwa aibu yangu mimi, si maumivu yake. Leo naweza kusema hivyo. Nilimwinua kichwa nikampa maji. Alikunywa, akameza vidonge, akageukia ukutani.

Alifariki siku nne baadaye. Tulimpeleka Lupaso kwa gari la kanisa, mvua za kwanza zimeanza, na wachimba kaburi waliniuliza alazwe upande gani. Watu wote walikuwa wanajua alichokuwa ameagiza miezi ile ya furaha, kwamba alazwe kando ya Bibi. Wakamlaza hapo, ubavuni kwa mgeni. Mama alikufa akiamini hakupendwa, na ni mimi niliyemwachia imani hiyo.